Zawadi za kipupwe kutoka jikoni kwako: Shangazi wa Mafinga awajibu wasomaji

Kamwene wasomaji wangu. Shule zimefungwa, wajukuu wanapanda mabasi kuja kwa bibi zao, na barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: nibebe nini? Nilifundisha sayansikimu mpaka nikastaafu hapa Mafinga, na msimamo wangu sijaubadili. Zawadi ya kipupwe iwe kitu ambacho mwenyewe atakitumia baridi hii hii, akila, akinywa au akijifunika. Vya kupanga kabatini vina msimu wao.

*Shangazi, shikamoo. Ninaishi Ubungo na wanangu watatu, wa miaka 12, 9 na 6. Likizo hii wanakwenda kwa bibi yao Njombe, na baridi hawaijui kabisa. Sitaki wabebe biskuti za dukani. Wanaweza kumtengenezea bibi nini kwa mikono yao? Na huko watashinda wakifanya nini, maana televisheni ya bibi imeharibika?*
Mama wa Watatu, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Anza kwa kujiuliza Njombe kunakosekana nini. Viazi vipo, maparachichi yapo, maziwa yapo. Minazi haioti kwenye baridi ile, na viungo vya chai bibi huwa ananunua kwa vipaketi vidogo vidogo. Basi watoto wabebe nazi na viungo.

Mkubwa apike kashata. Nazi mbili zilizokunwa, vikombe viwili vya sukari, nusu kikombe cha maji na iliki iliyotwangwa. Sukari na maji vichemke mpaka shira ianze kuvutika, ndipo nazi iingie, akoroge bila kupumzika hadi mchanganyiko uachane na sufuria. Amwage kwenye sinia lililopakwa mafuta, asawazishe, akate kungali na uvuguvugu. Wewe usiondoke pale jikoni, maana shira ikimrukia mtoto humganda na kumuunguza vibaya kuliko maji ya moto. Apike siku moja kabla ya safari, zilale wazi zikauke, ndipo zifungwe.

Wa miaka tisa mpe masala ya chai. Tangawizi ioshwe, ikatwe vipande vyembamba, ianikwe kwenye jua la Dar siku tatu au nne, hadi kipande kikikunjwa kivunjike. Itwangwe pamoja na iliki, mdalasini, karafuu chache na pilipili manga kidogo, ichekechwe, itiwe kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Kijiko kimoja cha chai kinatosha birika. Mdogo achore karatasi za kufungia na kuandika jina la bibi yake, hata herufi zikipinda. Usimsahihishie. Bibi anataka mkono wa mjukuu wake.

Kuhusu kushinda, usiwe na wasiwasi. Mwombe bibi awaamshe alfajiri moja, baada ya usiku wa anga jeupe usio na upepo, waione sakitu, yaani umande ulioganda, kabla jua halijapanda. Juni na Julai ndiyo miezi yake. Awapeleke bondeni badala ya kilimani, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito, huteremka na kutulia chini. Mkulima wa viazi haipendi, inamuunguzia majani, lakini mtoto wa Ubungo atafurahi kuikanyaga akisikia inavyovunjika chini ya kiatu. Mchana waokote matunda makavu ya mipaini, yale magumu yenye magamba. Yakikaa karibu na jiko hufunguka, na hapo huwasha moto upesi kuliko karatasi. Wakitaka kuyagawa kwa majirani wa bibi kama zawadi, vipande vya mishumaa viyeyushwe ndani ya kopo lililosimama kwenye sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kisha kila tunda lichovywe na kuachwa likauke. Jioni kuna viazi vya kuchoma kwenye majivu, na bibi mwenye hadithi. Wavalishe sweta mbili mbili na soksi nzito. Koti la mvua la Dar halitawasaidia.

*Kamwene Shangazi. Mimi ni kijana wa Kyela, nauza spea Iringa mjini. Nyumbani tunalima kakao lakini tunaiuza tu, sijawahi kuinywa ya kwetu. Nataka kumpa mama mwenye nyumba wangu kitu cha kwetu kwa baridi hii. Naweza kuitengeneza bila mashine?*
Mnyakyusa wa Iringa

Unaweza, na barua yako imenifurahisha kuliko zote. Inaniuma kuona familia inayokausha kakao, inaipima, inapokea fedha yake, halafu kinywaji chenyewe inakijua kutoka kopo la dukani.

Waombe nyumbani wakutumie kilo moja ya mbegu zilizovundikwa na kukaushwa. Sisitiza zilizovundikwa, zile zilizokaa siku tano hadi saba zimefunikwa majani ya migomba huku zikigeuzwa. Zikikufikia, kata moja katikati kwa kisu. Rangi ya kahawia yenye mipasuko ndani ni njema. Ikiwa ngumu, ya kijivu au zambarau, haikuvundikwa sawasawa, na utapata kinywaji kichungu kinachokauka mdomoni hata ukitia sukari namna gani.

Zikaange kwenye sufuria nzito kwa moto mdogo, kati ya dakika 20 na 30, ukigeuza muda wote. Utasikia maganda yakialika, kisha harufu itajaa nyumba nzima. Epua, ziache zipoe kiasi cha kushikika, zisugue kwa viganja, peta kwa ungo. Kilo moja itakubakizia kama robo tatu.

Sasa kinu. Kiwe kikavu kabisa, na ukianike kwanza juani kipate joto. Twanga. Mwanzo utaona unga, na wengi huishia hapo wakidhani kazi imekwisha. Endelea. Karibu nusu ya mbegu ya kakao ni mafuta, kwa hiyo unga utaanza kushikana, utang'aa, mwisho utakuwa rojo zito la kahawia nyeusi. Ukipata jiwe la kusagia, malizia hapo, litalainika zaidi. Tone la maji lisiingie, maana litaifanya chenga chenga na kuialika ukungu. Jaza kwenye vikombe vidogo vilivyofunikwa ndani kwa karatasi, na baridi ya Iringa itaigandisha usiku huo huo.

Mama mwenye nyumba atakuna kijiko kimoja kikubwa, akichemshe kwenye kikombe cha maziwa akipigapiga kwa mchapo, atie sukari na chumvi ncha ya kisu. Mweleze hivyo kwa mdomo, au mwandikie. Vifungie vipande kwa majani makavu ya mgomba, uvipange ndani ya kikapu kidogo cha nyasi za milulu. Uko Iringa, akina mama wanaovisuka wako karibu nawe, na kikapu chenyewe kitabaki kikibebea mayai na nyanya miaka mingi.

*Shangazi, sisi tuko Makete. Usiku baridi inatutesa, basi mume wangu anasubiri mkaa uive usitoe moshi, ndipo anaingiza jiko chumbani tulale. Kuna ubaya?*
Msomaji, Makete

Ubaya upo, mkubwa, na leo usiku jiko lisiingie. Mkaa ulioiva hauna moshi, lakini ndio unaoendelea kutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Nyumba zetu tunaziba matundu yote kwa magunia na vitambaa, hewa ile haina pa kutokea, na mtu hupita kutoka usingizini hadi kifo bila kushtuka. Anayeamka na kichwa kinachogonga, kizunguzungu na kichefuchefu atolewe nje mara moja na apelekwe kituo cha afya. Oteni moto jikoni au barazani mpaka mlale, jiko libaki nje. Chumbani ingieni na chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri na kuvishwa soksi nzito, watoto walale pamoja. Kama unataka kumpa mumeo zawadi msimu huu, mshonee kila mtoto soksi ya chupa yake.

*Shikamoo Shangazi. Ni mwalimu wa shule ya msingi Mbalizi, nimeolewa mwaka jana. Tunakwenda Tukuyu kwa mama mkwe kwa mara ya kwanza tangu harusi. Wifi zangu wanasema nisipopeleka blanketi kubwa la dukani nitajiaibisha, na mshahara una makato. Najua kufuma kidogo, ila nyuzi mpya ni ghali.*
Mwalimu, Mbalizi

Marahaba mwalimu. Blanketi analo, tena nadhani analo zaidi ya moja, kila aliyeolewa kwenye ile nyumba amepeleka. Mfumie shali.

Nyuzi utazipata kwenye meza za mitumba pale Mwanjelwa. Tafuta sweta kubwa la sufu, hata kama limetoboka kiwiko. Kwanza ligeuze ndani uangalie maungio ya ubavuni. Ukiona kingo mbili nzima zimeunganishwa kwa uzi mmoja uliopita kama mnyororo, lichukue. Ukiona kingo zimekatwa kwa mkasi na kupitishwa ovaloki, liache, kwa sababu kila mstari utakatika na utabaki na vipande vya uzi visivyofaa kitu. Muuzaji akikuruhusu, chomoa unyuzi mdogo uuchome: sufu hunuka nywele iliyoungua na kuwa jivu, nailoni huyeyuka na kufanya kishanga kigumu.

Nyumbani fumua maungio, tenganisha mikono, anza kuvuta uzi kutoka upande wa shingo. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usijitatize, ufue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, kisha uutundike umening'inizwa kitu kizito kiasi chini yake. Ukikauka yale mawimbi yatakuwa yamenyooka. Fuma kwa mshono ule ule mmoja mstari baada ya mstari, upana sentimita 50, urefu 170. Hahitaji maua wala nakshi. Rungwe mvua hainyeshi kwa kufuata kalenda, manyunyu yanakuja hata Juni, na sufu hubaki na joto hata ikipata unyevu. Blanketi hawezi kwenda nalo kukamua ng'ombe alfajiri, shali ataenda nalo.

Wifi zako usibishane nao. Piga goti, umpe mama kwa mikono miwili, umwambie umelifuma mwenyewe. Nakuamini.

*Shangazi, nataka kuwapeleka watoto Kitulo likizo hii wakaone maua. Ushauri wako?*
Baba, Mbeya mjini

Maua ya Kitulo, okidi na wenzake, hufuata mvua: Novemba mpaka Aprili, na hasa kati ya Desemba na Machi. Juni utakuta nyasi na upepo unaokata mashavu. Wapeleke Mbozi wakakiguse kimondo, kile bonge la chuma kinachokadiriwa kuwa na tani 12 hadi 16, au Rungwe kwenye Daraja la Mungu, ambalo ni daraja la asili la mwamba juu ya mto Kiwira. Kitulo uiweke kwa Krismasi.

*Kamwene Shangazi. Jamu yangu ya matunda damu iliota ukungu wiki chache tu baada ya kuipika, na safari hii nataka kuwatumia wadogo zangu Dodoma kwa basi. Nilichemsha chupa kama ulivyofundisha. Je, naweza kutumia asali badala ya sukari?*
Dada Mkubwa, Njombe

Kamwene. Nadhani ulichemsha kwa muda unaotosha watu wa Pwani. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi joto kama 93, hayafiki 100. Kwa hiyo chupa na vifuniko uviongezee muda: viache ndani ya maji yanayotokota dakika 15, uvitoe wakati jamu nayo iko tayari, ujaze vyote vikiwa vya moto. Chupa ya moto na jamu iliyopoa ni mwaliko wa ukungu.

Angalia na sukari. Kilo moja ya matunda ipate gramu 700, na wanaopunguza mpaka nusu ya hapo wapike ya kula wiki hiyo hiyo. Yamwagie matunda maji yanayochemka kwa dakika mbili, ganda litavuka lenyewe, nalo ulitupe kwa kuwa ni chungu. Kata, tia sukari na maji ya ndimu mbili, pika kwa moto wa wastani. Weka sahani kwenye baridi ya nje, na ukitaka kujua kama imeiva dondoshea tone, ulisukume kwa kidole. Likijikunja, epua. Jaza karibu na mdomo wa chupa, funga, pindua chupa dakika chache. Kwa basi, kila chupa ivishwe soksi kuukuu na zipangwe wima kwenye boksi lililojazwa magazeti, maana kondakta hatasoma ulichoandika juu yake.

Asali inafaa, na ya misitu ya huku ina ladha ya kupendeza, lakini jamu yake haikai muda mrefu. Andika kwenye chupa kwamba ina asali. Kama kuna mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja katika nyumba ile ya Dodoma, asionjeshwe hata kidogo: asali inaweza kubeba vijidudu vinavyodhuru tumbo changa, na kuipika jikoni hakuviui.