Re: Sprei ya umeme ya mkononi au kompresa kwa vanishi ya makabati?

Mkuu, kwa kuwa unapiga vanishi makabati na milango ya mninga, chukua kompresa na bunduki ya kupulizia yenye kikombe cha juu. Ile sprei ya umeme ya mkononi inafaa uzio na kuta. Matone yake ni makubwa, na kwenye mbao iliyolainishwa vizuri yanaonekana yote.

Nozeli (tundu la kutolea vanishi) ya milimita 1.3 au 1.4 inatosha kwa vanishi na laka. Praima nzito inataka 1.8 hivi. Kabla ya kulipa, soma bunduki inakula hewa kiasi gani kwa dakika, kisha linganisha na hewa ambayo kompresa inatoa kweli, siyo ukubwa wa tangi. Wengi wanakwama hapo: bunduki nzuri, hewa haitoshi, vanishi inakauka na vinundu kama ganda la chungwa.

Uko Tanga, kwa hiyo kichujio cha maji kwenye mpira wa hewa ni lazima. Siku ya unyevu mwingi laka hupauka ikawa nyeupe. Subiri jua likolee.

Shika bunduki sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye mbao, sambamba nayo, mkono usizunguke. Kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Anza kuusogeza mkono kabla hujabonyeza.

Na tafadhali, kama vanishi ina hadina (dawa ya kuigandisha) ya kuchanganya, barakoa ya kitambaa haikulindi. Nunua yenye vichujio vya mvuke, na fungua madirisha.