Baiskeli kwenye foleni: nipite upande gani, na niishie wapi?

SWALI: Mwalimu, naenda kazini kwa baiskeli kila siku. Foleni ikisimama huwa napita ukingoni mwa barabara hadi mbele kwenye taa. Wiki iliyopita nilikuwa sambamba na lori lililosimama, taa zikawaka kijani, nalo likaanza kukata kona kuja upande wangu. Niliruka nikaangukia njia ya waenda kwa miguu, gurudumu la mbele likapinda. Dereva alishuka akaniambia baiskeli hairuhusiwi kupita magari kwenye foleni. Ni kweli? Na kama inaruhusiwa, upande salama ni upi?

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Gurudumu litanyooshwa au litanunuliwa jingine. Nimefurahi kwamba umebaki mzima wa kuniandikia.

Nianze na sheria, kwa kuwa hapo jibu ni fupi. Alivyosema dereva, kana kwamba ni marufuku kila mahali, si kweli. Ujerumani, sheria ya barabarani inamruhusu mwendesha baiskeli kuyapita upande wa ukingo magari yanayosubiri kwenye foleni, mradi nafasi inatosha, mwendo ni wa wastani na anachukua tahadhari ya pekee. Uingereza, kanuni za barabarani zilizorekebishwa mwaka 2022 zinasema baiskeli inaweza kupita magari yaliyosimama au yanayokwenda polepole, kulia au kushoto, ila zinaonya juu ya kufanya hivyo karibu na makutano na pembeni ya malori. Australia nako inaruhusiwa, lakini ni kosa kupita upande wa ukingo wa gari linalokata kona kuelekea upande huo huku likiwa limewasha indiketa. Nchi nyingine ni kali zaidi, kwa hiyo soma sheria ya unapoendesha. Ila ona jambo moja: kote huko ruhusa imefungwa na sharti, na sharti lenyewe ni uangalifu wako. Ukigongwa ukiwa ndani ya haki yako, mfupa unavunjika vilevile.

Sasa tuje kwenye lori, maana hapo ndipo nalala macho kwa ajili ya watu kama wewe.

Dereva wa lori anakaa juu sana. Ukisimama ubavuni mwa kichwa cha lori, mlango wenyewe unakuficha, kwa sababu kioo cha dirisha kinaanzia juu ya kichwa chako. Vioo vya pembeni vinamwonyesha sehemu tu ya ubavu, na anavyo kadhaa vya kuangalia kwa zamu. Huenda alikiangalia kioo cha upande wako sekunde tatu kabla hujafika, akaona pako wazi, akahamishia macho kwenye taa. Hakukupuuza. Alipoangalia hukuwepo.

Halafu kuna magurudumu ya nyuma. Gari refu likikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, yanapita ndani zaidi, karibu na ukingo. Dereva anayelijua gari lake hulipeleka kichwa katikati ya barabara kwanza, ndipo arudi kuzunguka. Wewe uliye ukingoni unaona pengo linapanuka, unadhani lori linanyoosha au linakupisha, unaongeza kasi. Pengo hilohilo ndilo linalofungwa na tela sekunde chache baadaye. Nimewaona wanafunzi wangu wakishangaa tunapolionyesha hili uwanjani kwa koni: koni iliyokuwa mbali na lori kwa zaidi ya mita moja inalazwa na gurudumu la mwisho.

Wala usitegemee indiketa. Ukishaipita taa ya nyuma ya lori huioni tena, na dereva anaweza kuiwasha ukiwa tayari ubavuni. Ndiyo maana nakuomba, hata sheria ya kwenu ikiruhusu, usipite lori, basi au gari lolote refu upande wa ukingo karibu na makutano. Kaa nyuma yake, katikati ya njia, umbali wa kuweza kuviona vioo vyake vyote viwili. Usipokiona kioo chake, naye hakuoni. Utapoteza awamu moja ya taa, basi.

Kuna nchi zimeanza kuwabana wenye malori pia. Ujerumani tangu mwaka 2020, ndani ya miji lori la zaidi ya tani 3.5 linalokata kona kulia, ambako ndiko kwenye ukingo huko, linatakiwa kwenda mwendo wa mtu anayetembea mahali ambapo baiskeli au waenda kwa miguu wanaweza kutokea. Umoja wa Ulaya nao, tangu Julai 2024, unataka kila lori na basi jipya liwe na kifaa cha kumtahadharisha dereva kuna baiskeli ubavuni. Ni hatua nzuri na nazipongeza, lakini wewe huwezi kujua lori lililo mbele yako lina kifaa hicho au halina.

Kwa magari madogo, swali lako la upande lina jibu lisilo gumu. Kwa kuwa kwingine magari hukaa kushoto na kwingine kulia, nitasema "ukingoni" na "katikati". Penye nafasi, napendelea upande wa katikati. Huko ndiko dereva amezoea kutazamia kitu kinachompita, na una mahali pa kukwepea. Ukingoni kuna mifuniko ya mitaro, vioo vilivyovunjika, na abiria anayeamua kushuka foleni ikiwa imekwama. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 unamkataza mtu kufungua mlango wa gari kabla ya kuhakikisha hahatarishi wengine, lakini abiria aliyechelewa hakumbuki mkataba. Acha upana wa mlango uliofunguliwa kati yako na gari, na kama upana huo haupo, nenda kwa mwendo wa kutembea. Upande wa katikati nao una hatari yake: magari yanayokuja mbele. Ikibidi uvuke mstari usiokatika ili upite, usipite.

Mwendo ndio ambao wengi hawaupimi. Nawapa wanafunzi kipimo cha urefu wa gari, kwa sababu kwenye foleni kipo machoni. Gari dogo lina urefu wa takribani mita nne na nusu. Kwenye lami kavu, breki zikiwa nzima, ukihesabu na sekunde moja ya kushtuka, baiskeli ya kilomita 10 kwa saa inasimama ndani ya urefu wa gari moja. Kwa kilomita 18 inahitaji karibu magari mawili. Kwa kilomita 25, karibu matatu, na mvua ikinyesha ongeza. Sasa jiulize: kati ya magari yaliyosimama, mtu akijitokeza, utamwona akiwa mbali kiasi gani? Mara nyingi ni gari moja mbele yako. Basi mwendo wako ndani ya foleni umeshapangwa, hata kama miguu ina nguvu ya zaidi.

Na hapo kuna mtego ambao nauogopa karibu sawa na lori. Umeona foleni imesimama, lakini kati ya gari hili na lile kuna pengo kubwa lisilo na sababu. Sababu ipo. Dereva muungwana amesimama kumpisha gari linalokatiza kuingia barabara ya pembeni, au mama na mtoto wanavuka. Anayekatiza anamshukuru dereva kwa mkono na kukanyaga mafuta, hakutazamii wewe unayetoka nyuma ya gari. Kila pengo lichukulie kuwa kuna mtu ndani yake: vidole kwenye breki, punguza mwendo, chungulia, ndipo upite. Vivyo hivyo kwenye kivuko cha waenda kwa miguu: magari yakiwa yamesimama mbele yake, nawe simama nayo.

Mwisho wa kupita. Wengi wanajua kuanza tu. Kabla hujatoka nyuma ya gari, chagua mahali pa kurudi kwenye mstari, na usitoke kama hujapaona. Kwenye taa kuna mahali pawili tu pa kukaa: mbele kabisa, kama kuna eneo la baiskeli lililochorwa na una uhakika utalifikia taa zikiwa bado nyekundu, au katikati ya njia, nyuma ya gari moja na mbele ya jingine. Ubavuni mwa gari si mahali pa kusubiria. Foleni ikianza kusogea ukiwa bado unapita, acha kukanyaga pedali, liache gari lililo sambamba nawe litangulie, geuka umtazame dereva wa nyuma yake, toa mkono, na uingie pale anapokupisha.