Chuo cha kanisa kina ziada kwenye vitabu lakini mishahara inachelewa, niangalie wapi?

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi ni mwalimu mstaafu, kanisa limeniteua niingie kwenye baraza la chuo kikuu chetu cha Kikristo. Nimepewa kabrasha la taarifa za fedha zilizokaguliwa, kurasa zaidi ya 40, na mhasibu mkuu katuambia hati ni safi na mwaka umefungwa na ziada. Lakini wahadhiri wa pale nafahamiana nao, wanasema mishahara inachelewa hadi wiki tatu. Nani anasema ukweli? Na nikiuliza sana si nitaonekana sina imani?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Wote wanasema ukweli, na hapo ndipo ilipo shida yenyewe. Hati safi ya mkaguzi maana yake hesabu zimeandikwa kwa kufuata kanuni na haziwadanganyi wasomaji, basi, haijasema popote kwamba chuo kina afya. Na ziada ya kwenye vitabu sio hela iliyopo benki. Nimekagua hesabu za taasisi za dini miaka mingi na kitu ninachokiona mara kwa mara ni hiki: chuo kinapokea pesa ya wafadhili yenye masharti, mfano ya kujenga maktaba au ya kusomesha yatima, inaingia kwenye mapato ya mwaka, ziada inatokea nzuri kabisa, halafu mwezi hauna hela ya mishahara na mtu anaenda kuchota kule kwenye ya maktaba "tutarudisha ada zikiingia". Hazirudishwi. Mwaka unaofuata inachotwa tena.

Ngoja nikupe mfano wa namba nilizotunga ili uone inavyotembea. Chuo kimeingiza milioni 640, kimetumia milioni 600, ziada 40, kila mtu anapiga makofi. Sasa fungua maelezo ya mapato, utakuta ndani ya ile 640 kuna 90 ya kujenga maktaba. Itoe. Unabaki na 550 ya kuendesha chuo dhidi ya matumizi ya 600, kwa hiyo hiyo sio ziada ya 40, ni nakisi ya 50. Haya nenda kwenye mizania, lile jedwali la mali na madeni ya chuo, angalia fedha zenye masharti ambazo hazijatumika: maktaba imebaki 80 maana wameshachimba msingi kwa 10, mfuko wa yatima 45, jumla 125. Hiyo 125 inatakiwa iwepo, iguswe kwa kazi yake tu. Angalia keshi na amana za benki zote kwa pamoja: 70. Pengo la 55. Yaani hata ukikusanya senti zote za chuo huwezi kufikia pesa ya watu uliyopewa uitunze, na ukiangalia pengo lilivyo karibu na ile nakisi ya 50 unajua kabisa mishahara ililipwa na nini.

Kama una muda wa kupima kitu kimoja tu mwalimu, pima hicho. Fedha zenye masharti upande mmoja, keshi na vitega uchumi upande mwingine. Inachukua dakika tano na haihitaji digrii ya uhasibu. Na tafadhali fanya kwa miaka mitano mfululizo sio mmoja, maana mwaka mmoja unaweza kuharibika kwa sababu ya kawaida tu, ila pengo linalokua kila mwaka halina sababu ya kawaida.

Kipimo cha pili ninachokipenda ni cha akiba. Chukua mali halisi ya chuo, yaani mali zote ukishatoa madeni, kisha toa majengo na ardhi na mitambo (ukishaondoa mikopo iliyovijenga), mi pia natoa fedha zenye masharti japo kanuni nyingine zinaziacha ndani, kinachobaki gawanya kwa matumizi ya mwaka. Wataalamu wa fedha za vyuo wanapenda kuona 0.40, ambayo ni kama miezi mitano ya kuendesha chuo hata kama hakuna hata shilingi iliyoingia. Vyuo vingi vya kanisa ninavyoviona haviko hata karibu na hapo, na sitakudanganya kwamba ukikuta 0.10 ukimbie, lakini ukikuta chini ya sifuri kama kwenye mfano wetu basi chuo hakina mto wowote wa kuangukia, muhula mmoja tu usajili ukiyumba mnafunga.

Marekani kuna mfumo wa kuvipa alama vyuo binafsi, wizara yao ya elimu inapima kuanzia -1.0 mpaka 3.0 na anayepata 1.5 kwenda juu anahesabiwa yuko vizuri. Kuna kipimo kingine kinachotumiwa na wataalamu wenyewe, kinachanganya uwiano nne: ule wa akiba na ule wa uwezo wa kulipa madeni ya muda mrefu kila mmoja una uzito wa 35%, ongezeko la mali 20%, na matokeo ya uendeshaji 10%. Angalia hapo walivyogawa, ziada ya mwaka ambayo mhasibu mkuu wenu kaitangaza kwa shangwe imepewa uzito mdogo kuliko yote. Vipimo hivi ni vizuri ila vina ugonjwa mmoja, vinatumia hesabu zilizokwisha kukaguliwa, kwa hiyo wewe unasoma hali ya mwaka jana au juzi. Ndio maana lazima uangalie na usajili wa sa hivi.

Usajili nakuomba ukae nao. Kama chuo kinategemea ada kwa asilimia 80 au 90 ya mapato basi namba ya wanafunzi ndio fedha zenyewe. Na usikubali kupewa jumla ya wanafunzi, omba wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza na wangapi wamerudi mwaka wa pili. Jumla inaficha. Tuseme mlizoea kupokea wapya 300, mwaka huu wamekuja 220. Jumla ya chuo imeshuka kidogo tu, kwenye kikao mtaambiwa "tumepungua kidogo". Lakini hao 80 wanaokosekana watakosekana mwaka wa pili, wa tatu na wa nne, pengo linatembea na darasa lao mpaka lihitimu, na kama mwaka ujao pia mkipata 220 pengo linakuwa la watu 160 kwa wakati mmoja, halafu 240, halafu 320. Wahadhiri ni walewale, umeme uleule, majengo yaleyale. Kuna vyuo vimekufa hivi bila mtu kuiba hata senti.

Na umri hausaidii. Alliance University ya New York, ambayo miaka mingi iliitwa Nyack College, ilianzishwa 1882, ikafungwa 2023 baada ya kupoteza ithibati, na hali ya fedha ilikuwa moja ya sababu. Zaidi ya miaka 140 ya kuandaa wachungaji na wamisionari. Mi habari kama hizo zinaniuma sana kwa sababu nyuma yake kuna mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayetafuta pa kuhamia.

Kwenye ada kuna kitu kingine, punguzo. Vyuo vya Kikristo vina moyo wa huruma, vinatoa punguzo kwa watoto wa wachungaji, kwa washirika wa kanisa, kwa ndugu wawili wanaosoma pamoja. Huruma ni sawa ila iandikwe. Uliza ada iliyotangazwa ni kiasi gani na iliyoingia kweli ni kiasi gani. Marekani vyuo binafsi kwa wastani vinawapunguzia wanafunzi wapya zaidi ya nusu ya ada iliyotangazwa, kwa hiyo ukipiga hesabu kwa ada ya kwenye tangazo unakuwa unaota. Halafu tofautisha punguzo lililolipiwa na mfadhili, hilo ni hela inaingia, na punguzo ambalo chuo kimelitoa hewani tu. Pia angalia wanafunzi wanaodaiwa ada: deni lina umri gani? La mwaka huu litalipwa sehemu kubwa, la miaka mitatu nyuma la mtu aliyeshaacha chuo hilo halipo, hata kama bado limekaa kwenye mizania limenenepa.

Sasa mambo ya kanisa lenyewe, ambayo mkaguzi asiyezijua taasisi hizi anaweza kuyapita. Kwanza ardhi. Hati ya kiwanja iko kwa jina la nani? Mara nyingi iko kwa jina la dayosisi au wadhamini wa kanisa na chuo kinatumia tu, kwa hiyo yale mabilioni ya thamani ya ardhi mnayoyaona kwenye mizania siku mkitaka kuuza kipande mlipe madeni mnakuta sio yenu. Au kinyume chake, ardhi ni ya chuo lakini imewekwa rehani benki kwa mkopo wa kanisa. Soma ukurasa wa miamala na wahusika wenye uhusiano, yaani kati ya chuo na kanisa au taasisi zake, uko karibu na mwisho wa kabrasha, watu huwa wameshachoka kusoma wakifika pale. Ndipo utakuta chuo kimekopesha hospitali ya kanisa, au kanisa linadaiwa ruzuku ya miaka minne.

Pili ahadi. Sinodi inapitisha azimio kwamba kila usharika utachangia chuo, bajeti inaandikwa kwa azimio hilo. Omba jedwali la ahadi na kilichopokelewa kwa miaka mitano, ukikuta wastani inakuja theluthi moja, basi bajeti ya mwaka ujao iandikwe theluthi moja. Tatu wahadhiri wamisionari wanaolipwa na kanisa rafiki la nje. Ni baraka kubwa, lakini kama watano wakirudi kwao mwakani nani atawalipa watakaowarithi? Gharama hiyo haionekani kwenye vitabu mpaka siku wanapofunga mizigo. Nne, mfadhili mmoja mkubwa anayeshika sehemu kubwa ya michango. Na ukisikia mfadhili anayeahidi kuzidisha pesa mnayoweka kwake, kimbia. Mwaka 1995 kule Marekani kulikuwa na taasisi iliitwa Foundation for New Era Philanthropy, iliahidi vyuo vya Kikristo na mashirika ya injili kwamba wakiweka hela watarudishiwa mara mbili na wafadhili wasiotajwa majina. Wafadhili hawakuwepo. Ilikuwa ni upatu, waliotangulia walikuwa wanalipwa na hela ya waliofuata, ikaporomoka Mei mwaka huo, na waliowekeza walikuwa watu makini, wenye mabaraza kama lenu, walioaminiana kwa sababu wote ni wapendwa.

Kuhusu mishahara inayochelewa usiache kuuliza swali la pembeni yake, kwamba kodi iliyokatwa kwa wafanyakazi na michango yao ya pensheni imepelekwa inakohusika? Chuo kikibanwa huwa kinalipa mshahara mkononi na kubaki na makato, maana makato hayapigi kelele. Kisheria na kwa dhamiri hiyo ni hela ya mfanyakazi. Kuna chuo nilikikuta na makato ya miezi 19 hayajapelekwa, na kuna mama wa jikoni alikuwa amestaafu anafuatilia pensheni yake anaambiwa rekodi hazipo. Sijamsahau yule mama.

Kwa hiyo ukienda kikaoni omba vitu hivi kwa maandishi na viingie kwenye muhtasari: mchanganuo wa fedha zenye masharti pamoja na taarifa ya benki inayoonyesha ziko akaunti ipi, makadirio ya keshi mwezi kwa mwezi kwa miezi 12 ijayo, orodha ya wadai kwa umri wa madeni, namba za wanafunzi wapya kwa miaka mitano, na ile barua ambayo mkaguzi anaiandikia menejimenti. Hiyo barua sio sehemu ya kabrasha, wengi kwenye baraza hawajui hata kama ipo, lakini ndiko mkaguzi anakosema waziwazi yanayomsumbua. Na kwenye hati yenyewe, hata kama ni safi, tafuta aya inayozungumzia uwezo wa chuo kuendelea, wakaguzi wanatakiwa waangalie angalau miezi 12 mbele, na wakiwa na mashaka makubwa yanaandikwa pale pale chini ya hati safi.

Suala la kuonekana huna imani, mwalimu, wewe hujateuliwa kuombea chuo tu, umeteuliwa kutunza. Fikiria mjane aliyetoa akiba yake kwa ajili ya mfuko wa yatima, alimwamini nani? Alikuamini wewe na wenzako. Uliza kwa upole, usimtuhumu mhasibu mkuu mbele ya watu, inawezekana kabisa yeye ndiye analala macho kila tarehe 25 akitafuta pa kuchota na hakuna aliyemuuliza.

Mkikuta pengo lipo, la kwanza ni kufungua akaunti tofauti ya fedha zenye masharti ambayo haitoi hela bila saini ya mjumbe wa baraza, la pili kupanga marejesho ya kila mwezi hata kama ni kidogo, la tatu ambalo watu wanaliogopa kuliko yote, mwandikieni mfadhili wa maktaba mumweleze. Nimeona wafadhili watatu wakiandikiwa barua za namna hiyo, wawili walikubali kuongeza muda wa mradi na mmoja akasimamisha awamu iliyobaki mpaka akaunti ifunguliwe. Hakuna aliyedai hela yake siku hiyohiyo.