Vigae: usinunue nusu ukiendelea kutafuta

Usirudi Kariakoo kesho. Umeandika kwamba simu yako imejaa picha za vigae, kwamba fundi anakungoja, na kwamba unakusudia kununua vya sebuleni tu kwa sasa ili vya sehemu ya kulia chakula na vya korido uendelee kuvitafuta. Hilo la kununua nusu ndilo lililonifanya niache chakula mezani nikujibu, kwa maana ndilo hasa nililolifanya mimi, na hadi leo ninalikanyaga kila ninapotoka chumbani kwenda jikoni.

Sikununua nusu kwa kukosa fedha. Nilinunua nusu kwa sababu nilikuwa nimeona vigae vingi mno, hata kila nilichokipenda kilinikumbusha kingine nilichokiacha duka la jirani, na kuchukua vichache kulinipa faraja ya kudhani kwamba bado sijaamua. Nilipochoka kuzunguka na kukiri kwamba vile vya mwanzo vilitosha kabisa, nilirudi nikauziwa vigae vya jina lile lile, vya sentimita 60 kwa 60, katika maboksi yenye picha ile ile. Kilichotofautiana ni namba mbili ndogo zilizopigwa ubavuni mwa boksi, moja ya mkolezo wa rangi na nyingine ya kipimo halisi, ambazo zinaweza kubadilika kila kiwanda kinapochoma mkupuo mwingine. Tofauti ya rangi huioni ukiwa umeshika kigae kimoja mkononi. Unaiona vikishalala sakafuni na jua la asubuhi likipita juu yake. Tofauti ya kipimo huweza kuwa milimita moja tu, lakini ikijirudia kigae baada ya kigae, mistari ya maungio huachana, na fundi hubaki akipanua hapa na kubana pale kama fundi cherehani aliyekosea kukata kitambaa. Kubomoa kungenigharimu vigae, gundi na ujira wa pili, kwa hiyo tuliacha. Wageni huwa ninawaambia kwamba mstari ule, pale vigae vya kwanza vinapokutana na vya pili, unaonyesha mahali sebule inapoishia. Mama mkwe wangu alidhani vigae vile vya rangi tofauti ni zulia, akaniuliza nililinunua wapi.

Na yule muuzaji, Mungu amjalie sakafu kama yangu! Ndiye aliyeniambia tangu siku ya kwanza kwamba nyumba haijengwi mara mbili, kwa hiyo nisiwe na haraka, nizunguke, tena kontena jipya linaingia wiki ijayo. Kila wiki palikuwa na wiki ijayo. Nilipomuuliza kama maboksi ya pili yalikuwa sawasawa na ya kwanza, aliapa kwamba ni yale yale, ilhali mtu anayeishi kwa kuuza vigae hawezi kudai kwamba hajui namba zile ni za nini.

Kanuni yangu ni moja: andika masharti yako nyumbani kabla hujaona kigae chochote, kisha cha kwanza kinachoyatimiza yote ukinunue chote kwa siku moja, na utafutaji uishie hapo. Herbert Simon, mwanauchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1978, alikuwa amekwisha kueleza mwaka 1956 kwamba kiumbe hana uwezo wa kupima kila njia iliyopo, hivyo huchukua inayotosha. Mwenzetu mmoja aliyekujibu kabla yangu amesema kwamba uchaguzi mpana haujawahi kumdhuru mtu. Lakini wanasaikolojia Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha mwaka 2000 jaribio la meza ya kuonjesha jemu katika duka moja la California: penye aina 24 walionunua walikuwa kama asilimia 3 ya waliosimama mezani, na penye aina 6 walikuwa kama asilimia 30. Ni kweli kwamba uchambuzi wa mwaka 2010 uliojumlisha majaribio mengi ya namna hiyo ulikuta athari hiyo kwa wastani iko karibu na sifuri. Lakini anayeingia akijua anachotaka ndiye asiyesumbuliwa na wingi, na wewe hujui unachotaka, ndiyo maana una picha zote hizo.

Masharti yenyewe yawe ya kupimika: bei ya juu kabisa utakayokubali kwa mita ya mraba, kigae cha poselini kisichonyonya maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, uso usioteleza ukilowa. Uzuri usiuandike, utakurudisha barabarani. Kisha piga hesabu ya nyumba nzima. Kama eneo lote ni mita 50 za mraba, ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, uwe na 55. Boksi lenye vigae 4 vya sentimita 60 kwa 60 hutandika mita za mraba 1.44, hivyo unahitaji maboksi 39, yote kwa pamoja.

Gari lisiondoke dukani kabla hujapita boksi moja moja ukisoma namba zile mbili. Ukikuta boksi lenye namba tofauti, lishushe, hata muuzaji akiapa kwamba ni yale yale.