Daftari lenyewe linafichwa wapi?

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, kusoma na kuandika kumewahi kukuponya moyo?", limenikera, ndiyo maana nalijibu. Mmetushauri tutafute daftari zuri, chumba tulivu na nusu saa isiyo na bughudha. Nyumba niliyokulia ilikuwa na vyumba vitatu, watoto wa familia mbili, na mgeni wa Handeni aliyekuja kung'oa jino akakaa mwaka mzima. Ukiandika la moyoni usiku, asubuhi kuna mtoto analisoma kwa sauti watu wakinywa chai. Nitajibu, lakini kwanza niambieni daftari lenyewe linafichwa wapi.

Wataalamu wana yao, najua. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, kuhusu mambo yaliyowaumiza. Waliosimulia kisa pamoja na uchungu wake walikwenda zahanati mara chache zaidi miezi iliyofuata. Ila kila walipoweka kalamu chini walikuwa na huzuni kuliko walipoishika, na hilo washauri wa daftari zuri hawalitaji. Tena wale walikuwa wanawaandikia watu baki. Hapakuwa na shemeji mlangoni.

Mama mdogo wangu alifiwa na mumewe kule Muheza, mwaka ule wa mvua za El Nino. Mimi nilikabidhiwa daftari la ubani. Aliyewahi kulishika anajua kazi yake: unakaa kwenye mkeka karibu na mlango, kaunta buku mapajani, unapiga mistari ya jina, anakotoka, alichotoa. Sh 500. Sh 1,000. Mchele pishi mbili. Mkungu wa ndizi. Mtu anataja jina lake, kisha anainama kidogo, kama anayetafuta kiatu, ahakikishe limeandikwa. Ana haki, maana siku msiba ukiwa kwake, daftari hilo ndilo litakalofunguliwa.

Matanga yalipoanuliwa nikampa mama mdogo daftari lake. Alikuwa ndani, eda, miezi 4 na siku 10. Kusoma alijifunzia kwenye kisomo cha watu wazima, wakati ule Mwalimu alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima na akina mama wakaanza kutoka shamba kwenda darasani. Alisoma kwa kidole, mdomo ukichezacheza. Basi usiku, kwa mwanga wa koroboi, akawa anayapitia yale majina moja moja na kuandika pembeni, kwa herufi kubwa kubwa. "Huyu alimuuguza hospitali ya Bombo." "Huyu aliazima baiskeli, pampu hakurudisha." "Huyu simjui, Mungu amlipe."

Jina moja alilitafuta asilione: la shemeji yake mkubwa, yule aliyeongea kuliko wote siku ya mazishi. (Labda alitoa mkononi bila kuandikwa. Watu wa hivyo wapo, na nilishaambiwa nisimseme vibaya.) Mama mdogo akafungua ukurasa mtupu, akaliandika jina hilo mwenyewe juu kabisa, na chini yake akaanza kumwaga. Usiku mmoja alisogeza pazia akaniuliza, "Mwanangu, dhuluma inaanza na z au dh?" Nikamwambia dh. Akashukuru, akarudi ndani.

Alipomaliza alichukua sindano na uzi mweusi akazishona zile kurasa pamoja, pindo zote tatu. Daftari likaendelea na kazi yake. Kila ukitokea msiba mtaani lilitolewa kabatini kutazama fulani alitoa nini, kila mtu akalishika, na hakuna aliyethubutu kufumua.

Alipona? Nilipoanza kuandika hapa nilitaka kusema hapana. Kilichomtuliza kilikuwa wale wanawake waliolala naye sakafuni, na dua, na siku kupita. Lakini eda ilipoisha alikwenda Baraza la Kata kudai michungwa aliyoipanda na marehemu, na mimi nilikuwepo. Mwanamke aliyekuwa akilia akitajiwa tu jina la shemeji alisimama akaeleza mti kwa mti, mwaka kwa mwaka, hakuruka kitu. Shemeji ndiye aliyechanganya tarehe. Mama mdogo akapewa michungwa ya upande wa mto. Hiyo sijui kama niiite tiba. Hasira ilikuwepo vilevile, ila sasa ilikuwa na mpangilio.

Na kuhusu kuficha, inabidi nilegeze kidogo. Mwana Kupona mwaka 1858 alikuwa mgonjwa wa muda mrefu alipomtungia binti yake ule utenzi tuliofundishwa shuleni kama adabu za mke. Ukiusoma ukiwa mtu mzima, unamkuta mjane anamkumbuka mumewe. Shaaban Robert naye alimlilia Amina wake kwa shairi, akalichapisha, tukalisoma wote. Hawa hawakushona kurasa. Sasa huenda wapo wa kuandika wasomwe na wapo wa kuandika wasisomwe, na kabla hujashika kalamu ni vizuri ujue wewe ni yupi.

Kwa hiyo andikeni jibu langu ni ndiyo, kwa masharti: mwandishi awe na pa kuficha au moyo wa kutoficha, na asiyelala wala kula kwa majonzi aende hospitali kwanza, daftari litasubiri. Jina langu msiliweke. Shemeji yu hai, na jarida lenu hulisoma.