Maswali Yenu: Grafini, kisima cha Duga na papa wa soko la Deep Sea

Mwezi huu meseji nyingi zimetoka Tanga na karibu zote zinauliza kuhusu grafini, hii kaboni ambayo watu wanaiona kwenye video za simu eti inapima sumu kwenye maji na chakula. Nimechukua nne.

Shikamoo mtaalamu. Nina kisima hapa Duga, maji yana chumvichumvi na jirani anatengeneza betri za magari, zile mbovu anazipasua hapohapo uani. Mwanangu yuko chuo ananiambia kuna vijikaratasi vya grafini unachovya tu unaona sumu. Navipata wapi? (Mama wa Duga)

Marahaba mama. Mwanao hajakudanganya ila karuka hatua. Hivyo vitu vipo, lakini sio karatasi ya kuchovya ikabadilika rangi, ni kipande kidogo cha plastiki kimechapwa wino wa kaboni wenye grafini, unakichomeka kwenye kimashine afu unadondoshea maji yaliyotiwa asidi kidogo. Kimashine kinaweka umeme hasi kwa dakika kadhaa, risasi (ile metali yenye sumu iliyomo kwenye betri) iliyoyeyuka kwenye maji inaganda juu ya grafini inakuwa metali kabisa, halafu umeme unapandishwa taratibu na ukifika karibu nusu volti hasi ile risasi yote inang'oka kwa mpigo na kwenye skrini unaona kilima kimechomoza. Kilima kirefu, risasi nyingi. Kadmiamu, metali nyingine yenye sumu, inang'oka mapema, kwenye 0.8 hasi hivi, ndo maana mashine haizichanganyi. Grafini pale kazi yake ni kupitisha umeme vizuri na kuipa risasi nafasi kubwa ya kukalia, basi, hamna uchawi.

Na kinachotafutwa ni kidogo mno. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, yaani gramu 1 ya risasi ukiiyeyusha kwenye maboza kumi ya lita 10,000 tayari umefika kikomo. Kwa kiasi hicho jasho la mkono tu au chupa chafu linaharibu kipimo, kwahiyo mi sikushauri ununue cha kupimia mwenyewe jikoni. Peleka maji maabara ya ubora wa maji, na uwaambie kabisa kwa mdomo kwamba unataka risasi sababu ya hizo betri, usipotaja wanaweza kukupimia vile vya kawaida tu. Chupa waombe wao, maana ya risasi inatiwa asidi na ya vijidudu inatakiwa iwe imechemshwa na ikae kwenye ubaridi mpaka ifike siku hiyohiyo. Na hiyo ya vijidudu usiiache mama! Kama choo cha shimo kiko karibu na kisima, mi ningeanza na kipimo cha vijidudu, na hapo kipimo cha risasi hakikwambii kitu. Chumvi nayo ina kimashine chake kidogo, wanaweka majini sekunde mbili wameshamaliza.

Grafini si kaboni tu? Sisi huku tuna mkaa wa vifuu na unasafisha maji vizuri sana. Kwanini maabara wasitumie huo wakaacha kujigharamisha? (Fundi bomba, Chumbageni)

Swali tamu hili. Ni kaboni kweli, hata kinywe (grafiti, ile ya kwenye penseli) kinachopatikana Mahenge ni tabaka juu ya tabaka la grafini, ukibandua tabaka moja ambalo atomi zake zimejipanga pembe sita kama sega la nyuki ndo grafini yenyewe. Gramu moja kwa hesabu ina uso wa zaidi ya mita za mraba 2,600, hiyo ni zaidi ya nusu eka. Lakini mkaa wa vifuu ulioandaliwa vizuri nao unapita mita 1,000 kwa gramu, kwahiyo eneo peke yake sio jibu.

Jibu liko kwenye kuachia. Wewe kwenye chujio unataka mkaa ukamate dawa ya mende usiitoe mpaka kiama, sisi kwenye kupima tunataka ikamatwe afu irudishwe yote, ili tuihesabu. Mkaa una vishimo ndani kwa ndani, kitu kikizama humo kukitoa kazi. Grafini ni bapa, pande zote mbili ziko wazi, na molekuli zenye pete ya atomi (viuatilifu vingi viko hivyo, sumukuvu pia) zinajilaza juu yake zinashika.

Wanavyofanya ni hivi, wanaigandishia grafini chembe za oksidi ya chuma ili ivutwe na sumaku, unamwaga ule unga mweusi kwenye maji mililita 250, unatikisa, maji yote yanakuwa meusi tii, unaweka sumaku ubavuni mwa chupa na ule weusi unatambaa wote unaganda upande mmoja, maji yanabaki meupe, unayamwaga. Unatia kimiminika kama methanoli nusu mililita tu, kinaichukua ile dawa, ndo kinaenda kwenye mashine. Kutoka 250 mpaka nusu umeikoleza mara 500, na mashine ambayo ilikuwa haioni kitu sasa inaona.

Kasoro zipo. Tabaka zinapenda kurudiana na kushikamana, na viuatilifu vingine vilivyo bapa vinang'ang'ania havitoki vyote. Kwahiyo maabara makini inatia kwenye sampuli kiasi inachokijua, ikitia 100 ikapata 60 wanajua kipimo chao kinapunja. Ukipewa ripoti ya mchicha au karanga uliza hiyo namba ya marejesho, wasipokuwa nayo mi ningeichukulia ile ripoti kwa tahadhari. Kwenye mahindi hasa hii sio mchezo, kikomo cha Afrika Mashariki cha sumukuvu aina ya B1 ni mikrogramu 5 kwa kilo, na 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo.

Kaka, wateja wananiuliza kama samaki wangu wana zebaki. Hiyo grafini inaweza kunijibia? (Muuza samaki, Deep Sea)

Dagaa na vibua wala usihangaike, zebaki inajilimbikiza kwa wakubwa wanaokula wenzao, papa na nduaro. Viwango vya kimataifa vya Codex vinaruhusu zebaki ya methili (aina inayojilimbikiza kwenye samaki) miligramu 1.6 kwa kilo ya papa na 1.2 kwa jodari. Vipimio vya grafini yenye chembe za dhahabu vinaikamata zebaki, ila iliyo huru kwenye maji, ya kwenye mnofu imeng'ang'ania protini na lazima mnofu uyeyushwe kwa asidi kwanza. Yeyote atakayekuja sokoni na kijiti akichomeke kwenye papa akupe jibu, mfukuze.

Ni kweli grafini inatengenezwa kwa selotepu? Nataka nijaribu. (Mwanafunzi, Muheza)

Kweli kabisa, Andre Geim na Konstantin Novoselov pale Manchester waliibandua hivyo 2004 wakapata Nobeli 2010. Wewe bandika selotepu kwenye kinywe, bandua, rudia rudia. Utapata vidoa vya kuangalia kwa hadubini, havitoshi kupimia maji hata ya glasi. Ya maabara wanapitia grafini oksidi (grafini iliyoshikana na oksijeni), kwa njia ya mwanakemia Hummers ya 1958, asidi kali ya salfuriki na pamanganeti ya potasiamu, na mchanganyiko huo ukipata joto unalipuka, kwahiyo unafanyiwa kwenye barafu na watu wenye miwani na glovu. Kwa mama yako jikoni ishia kwenye selotepu.