Simu Imenishinda: Makundi, Wageni na Picha za Harusi

SWALI

Assalamu alaikum. Mimi ni mama wa makamo hapa Mkomani, Lamu, na riziki yangu ni vyumba vichache vya wageni katika nyumba tuliyoachiwa na marehemu baba. Simu yangu ni moja na kila kitu kimo humo: wageni, ukoo, wazazi wa shule, madrasa, chama cha kina mama, mazishi ya mtaa, na kila harusi na kundi lake, ambalo halivunjwi hata bibi harusi akishajifungua. Tangu alfajiri simu inalia. Juzi mgeni alitua uwanja wa ndege wa Manda, akaniandikia kwamba hamwoni nahodha wangu, na ujumbe wake ukafunikwa na picha za masufuria ya pilau na salamu za Ijumaa. Nilipouona alikuwa ameshavuka kwa mashua ya mtu mwingine, kwa bei ya kumkomoa. Sasa simu inaniambia nafasi imejaa, nami naogopa kufuta kwa sababu mna ujumbe wa M-Pesa na picha za wetu waliotangulia. Binti yangu ananishauri nizime arifa zote nipumzike, lakini mama yangu yuko Faza na ni mgonjwa. Nitazimaje? Nianzie wapi?

Mama wa Vyumba, Mkomani

JIBU

Wa alaikum salaam, dada yetu. Shauri la binti yako limetoka kwenye mapenzi, ila usilifuate lote. Mwaka 2019 Nicholas Fitz na watafiti wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watumiaji wa simu nchini India: waliopokea arifa zao kwa mafungu, mara tatu kwa siku, walijiona wametulia na wanayamudu mambo yao zaidi, lakini walioondolewa arifa zote waliingiwa na wasiwasi na hofu ya kupitwa. Mwenye mama mgonjwa ng'ambo ya bahari angeingiwa na wasiwasi huo maradufu. Kwa hiyo usitafute ukimya mtupu; tafuta kuijua sauti inayokuita, na saa inayoruhusiwa kukuita.

Watu wengi huanzia pasipofaa. Hukaa usiku wakifuta picha moja moja, wakicheka hii na kuililia ile, na kukicha simu inalia vilevile. Wewe anzia kwenye mlio, na picha zingoje.

Ingia katika WhatsApp, ulinyamazishe kila kundi ambalo ujumbe wake unaweza kusubiri hadi jioni bila mtu kudhurika. Utaulizwa kama ni kwa saa 8, kwa wiki moja au daima. Chagua daima, na usione haya, kwa maana hakuna mwanakundi anayejulishwa kwamba umemnyamazisha. Yale ya harusi zilizokwisha yaondoe kabisa kwenye orodha kuu, uyapeleke kwenye kumbukumbu, ambako tangu 2021 hubaki hata ujumbe mpya ukiingia, wala hayakushtui ila pale unapotajwa au kujibiwa wewe mwenyewe. Kujitoa nako kunawezekana, na tangu 2022 wanaoarifiwa ni wasimamizi wa kundi peke yao. Lakini Lamu msimamizi huwa ni shangazi wa bwana harusi, na kabla ya magharibi mtaa mzima utakuwa na habari. Ndiyo maana napendelea kunyamazisha.

Kundi la mazishi liache na sauti yake. Kwetu habari ya msiba haisubiri jioni, kwa kuwa maziko huenda yakafanyika saa chache baadaye.

Ama wageni, hawa wanastahili mlango wao, kwani hapa ndipo unapopoteza fedha. Nunua laini ya pili, uiunganishe na WhatsApp Business, ambayo ni programu ya bure na hukaa katika simu moja pamoja na ile ya kawaida bila kuingiliana. Ipe mlio tofauti, kiasi kwamba ukiwa jikoni na mikono ina unga utambue bila kuishika simu kwamba huyu ni mgeni wala si pilau. Andika pia jibu la kujituma lenyewe wakati umelala au uko msikitini, litaje jina la nahodha wako, namba yake na nauli ya kutoka Manda, ili anayetua asibaki gatini akibahatisha. Hayo tu yangetosha kukuepusha na kisa cha juzi.

Kwa upande wa mama yako, ile hali ya simu ya kutosumbuliwa hukuruhusu kutaja watu ambao miito yao italia hata usiku. Weka namba ya mama, ya anayemuuguza na ya jirani mmoja wa Faza. Ruhusu pia anayepiga mara ya pili ndani ya muda mfupi apite, maana mwenye dharura huenda akaazima simu usiyoijua. Kisha uwaambie wazi: likitokea jambo wapige, wasiandike. Makubaliano hayo ya mdomo yana nguvu kuliko mpangilio wowote wa simu, na ndiyo yatakayokupa moyo wa kuiacha simu chumbani.

Makundi yaliyobaki uyafungulie kwa saa zako. Kwa kuwa siku yako tayari imegawanywa na sala, sioni haja ya kutafuta ratiba nyingine: soma baada ya adhuhuri, na tena baada ya isha, ujibu panapohitaji jibu.

Sasa ndiyo tufike kwenye nafasi iliyojaa. Kwanza zuia picha na video zisijipakue zenyewe, la sivyo utakuwa unateka maji kwa pakacha, na bando lako litazidi kuliwa. Halafu, katika mipangilio ya WhatsApp, fungua sehemu ya kusimamia hifadhi. Utakuta imekutengea faili zinazozidi MB 5 na zile zilizosambazwa mara nyingi. Hizo za kusambazwa futa bila huruma, kwa sababu ni nadra kukuta hata moja iliyopigwa nyumbani kwenu. Picha za waliotangulia usiziguse hadi ziwe na nakala mahali pawili nje ya simu, mathalani kwenye kompyuta ya binti yako na kwenye hifadhi ya mtandaoni, nawe uwe umezifungua huko ukaziona kwa macho.

Ujumbe wa M-Pesa nao hauna haja ya kurundikwa kwa hofu. Taarifa ya miamala yako unaweza kuiomba kupitia programu ya M-Pesa au *334#, na hiyo ndiyo itakayokufaa siku ya mahesabu. Na kwa kuwa tumegusa fedha: mgeni akikutumia picha ya skrini kuonyesha kwamba amelipa, usimpe ufunguo hadi uthibitishe fedha zimeingia kwako, kwani picha hughushiwa.

SWALI

Mimi ni kijana wa Malindi, natafuta kazi za hotelini. Barua pepe yangu ya Gmail inasema imejaa, na barua zenyewe si nyingi. Imejaaje?

JIBU

Si barua, kijana wetu, ni jirani zake. Google hutoa GB 15 bila malipo, na kiasi hicho hugawanywa kati ya Gmail, Drive (ghala lake la faili) na Picha (Google Photos). Tangu tarehe 1 Juni 2021 picha unazohifadhi huko huhesabiwa, na katika simu za Android nakala za WhatsApp nazo zilianza kuhesabiwa mwaka 2024. Angalia kwanza video zilizojipakia huko, kisha, ndani ya Gmail, andika larger:10M kwenye sehemu ya kutafutia ili barua zenye viambatisho vizito zijitokeze. Ukishazifuta, ingia kwenye pipa la taka ulimwage mwenyewe, kwa sababu yaliyomo hukaa hadi siku 30 yakiendelea kula nafasi, na kasha likizidi kiwango chake kwa muda huo wote, barua ya mwajiri inaweza kurudishwa ilikotoka.